"Kinachobaki ni cha nani?": kisa cha binti mmoja na milinganyo miwili

Binti aliletwa na shangazi yake jioni moja ya Februari, daftari kalikunja kama karatasi ya kufungia karanga. Nafundisha twisheni Chikongola, Mtwara Mjini, chini ya mwembe ulio nyuma ya nyumba ninayopanga. Ubao wangu ni kipande cha plaiwudi nilichokipaka rangi nyeusi na kukiegemeza ukutani. Wanafunzi huwa kati ya sita na kumi, inategemea siku, na inategemea nani kalipa. Shangazi mtu hakukaa. Alisema tu, "Mwalimu, huyu hesabu hazimpandi kabisa, na Novemba ana mtihani wa kidato cha pili," akaondoka kuwahi meza yake ya samaki wa kukaanga.

Nilifungua daftari. Jaribio la mwisho: 3 kati ya 20. Mada ni ile ambayo wanafunzi wote, kuanzia Masasi mpaka Kilwa, wanaiita saimaltenia. Kwa Kiswahili ni milinganyo sawia: milinganyo miwili, herufi mbili, na kazi yako ni kutafuta namba mbili zitakazoifanya milinganyo yote miwili iwe kweli kwa pamoja. Ni mada ya kidato cha kwanza. Yeye aliivuka kama mtu anavyovuka mto usiku: alifika ng'ambo, lakini hajui alipita wapi.

Nakiandika kisa hiki kwa sababu nilikosea kukitambua, na nilikosea kwa kujiamini.

Swali la kwanza la jaribio lilikuwa hili:

2x + 3y = 13
2x − y = 1

Chini yake binti aliandika:

2y = 12
y = 6

Kisha akachukua 6 akaipeleka kwenye mlinganyo wa pili: 2x − 6 = 1, kwa hiyo 2x = 7, kwa hiyo x = 3.5. Kalamu nyekundu ya mwalimu wa shule ilizungushia 2y na kuandika neno moja: "Alama!"

Na mimi nikakubali. Yeyote aliyewahi kusahihisha hesabu hizi angekubali. Ukitoa mlinganyo wa chini kwenye wa juu, x zinaondoka, na upande wa y una 3 toa hasi 1, ambayo ni 4, siyo 2. Ilitakiwa 4y = 12, y iwe 3 na x iwe 2. Binti alifanya 3 toa 1. Kasahau alama ya kutoa, basi. Ugonjwa unajulikana, dawa inajulikana. Nikamwandikia maswali ishirini ya kutoa namba hasi: 3 − (−1), 5 − (−2), −4 − (−6), na kadhalika. Siku ya pili alileta yote, kapata kumi na tisa.

Nikajipongeza. Nikamrudisha kwenye swali lilelile, akaandika bila kusita: 2y = 12.

Hapo nilimwambia neno ambalo sitalirudia hapa. Akainama. Siku iliyofuata hakuja, na sikumlaumu.

Aliporudi nilikuwa nimekaa na daftari lake jioni nzima, nikasoma makosa yake yote badala ya lile moja lililozungushiwa wino mwekundu. Ukurasa wa pili ulikuwa na tundu. Alifuta kwa raba mpaka karatasi ikatoboka, tundu la ukubwa wa punje ya mahindi, na pembeni yake penseli ya zamani ilikuwa bado inaonekana ukiiangalia kwenye mwanga. Swali lilikuwa:

x + y = 7
x − y = 1

Alichokuwa amekifuta kilikuwa "= 6". Upande wa kushoto wa alama ya usawa hapakuwa na kitu. Chini ya tundu, kwa mwandiko mzuri kabisa, kaandika x = 6, y = 1, na pembeni akajiwekea tiki mwenyewe. Tiki ile ilikuwa na sababu: 6 jumlisha 1 ni 7. Mlinganyo wa kwanza umekubali. Wa pili, ambao unataka 6 toa 1 iwe 1, hakuuangalia.

Tundu lile ndilo lililonifundisha. Mtoto aliyesahau alama hapati "= 6" bila kitu upande wa pili. Anapata kitu, ila kina makosa. Huyu alikuwa ameondoa kila kitu, x zote na y zote, akabaki na sita inayoning'inia hewani. Akaona aibu, akafuta, akatafuta namba mbili zinazofanana na jibu.

Nikamwomba afanye swali lingine huku akisema kwa sauti kila anachokifikiria. Ushauri wangu kwa mwalimu yeyote: fanya hivi mapema, usingoje kama mimi. Alisema hivi, akionyesha kwa kidole: "Hii x na hii x zimefanana, zinakufa. Hii y na hii y, moja ina kujumlisha, moja ina kutoa, na zenyewe zinakufa."

"Zinakufa kwa nini?"

"Kwa sababu zimefanana."

"Na hizi za y zimekufa kwa nini?"

"Kwa sababu zimetofautiana."

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana neno "kufa" nalitumia kila siku. "Hapa x inakufa na x." Walimu wote tunalisema, na wanafunzi wetu wanaambukizana. Ni neno tamu, fupi, linabaki kichwani, na limebeba hesabu yote mgongoni bila kusema chochote. Kufa kwa ugonjwa gani? Kwa mtoto huyu, herufi zilikuwa zinakufa zikionana, kama vitu vya uchawi. Wakati mwingine kwa kufanana, wakati mwingine kwa kutofautiana. Na kilichobaki baada ya vifo hivyo, ilikuwa ni kuchukua namba zilizo karibu na kuzitoa: tatu na moja, natoa, mbili. Ndiyo maana mazoezi yangu ishirini hayakumsaidia. Alijua vizuri kwamba 3 toa hasi 1 ni 4. Ila kwenye milinganyo hakuwa anatoa chochote. Alikuwa anazika.

Kisha akauliza swali ambalo mpaka leo naliona ndilo swali la maana kuliko yote niliyoulizwa chini ya mwembe ule:

"Mwalimu, ukitoa huu kwenye huu, kinachobaki ni cha nani?"

Nikajibu haraka, "Ni cha y."

"Basi huu wa juu ulikuwa wa nani?"

Sikuwa na jibu la kumpa kwa sentensi moja. Alikuwa anauliza kwa haki gani tunachukua mlinganyo mzima na kuutoa kwenye mwingine. Kutoa 5 kwenye 8 anakujua. Kutoa sentensi kwenye sentensi ni kitu gani? Wanafunzi wengi hawaulizi, wanafanya tu, na wakibahatika wanapata. Huyu alikuwa amegoma ndani kwa ndani bila kujua kwamba amegoma.

Haki yenyewe ni ya zamani. Euclid, mwanahisabati wa Alexandria, karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, aliiweka miongoni mwa mambo ya mwanzo kabisa ambayo kila mtu anayakubali: ukipunguza vitu vilivyo sawa kutoka kwenye vitu vilivyo sawa, masalio yake huwa sawa. Mlinganyo wa chini unasema kwamba 2x − y na 1 ni kitu kimoja kwa thamani. Kwa hiyo upande wa kushoto nikipunguza 2x − y, na upande wa kulia nikapunguza 1, nimepunguza sawasawa pande zote mbili. Usawa haujavunjika. Haifi herufi yoyote hapo. Kuna kiasi kimeondolewa huku, na kiasi kilekile kimeondolewa kule.

Vizuri. Lakini kumwambia hivyo mtoto wa miaka kumi na tano ni kumsomea hotuba. Vitabu vingi vinachora mizani: sahani mbili, mawe huku, mawe kule. Nikachora. Binti akaangalia mchoro, kwa mara ya kwanza tangu aje akatabasamu, akasema, "Mizani ya wapi, Mwalimu? Kwetu mizani ndiyo inayotuibia."

Kwao ni kijiji kimoja Tandahimba, na anayejua habari za korosho ataelewa kwa nini mchoro wangu uliishia hapo. Kule mtu mzima akisikia mizani anawaza kangomba, yule mnunuzi wa mlangoni anayekuja wakati huna hela ya daftari wala ya dawa, anakupimia kwa kipimo chake na bei yake. Kwa mtoto aliyekulia huko, mizani siyo mfano wa usawa. Nikafuta mchoro.

Lakini neno lake lilinipa njia. Nilimuuliza korosho za baba yake zinauzwaje sasa. Akaeleza kuliko ambavyo ningeeleza mimi: zinaokotwa, zinaanikwa, zinachambuliwa, zinapelekwa chama cha msingi cha ushirika, zinapimwa, zinaingia ghalani, zinakwenda mnadani, halafu hela inaingia benki. Ndio mfumo unaoitwa stakabadhi ghalani, ambao mikoa yetu ya kusini imekuwa nao tangu msimu wa 2007. Na kila msimu yeye ndiye anayemsomea baba yake ujumbe wa benki kwenye simu. Baba anajua kilo zake, maana karatasi ya chama anayo. Ujumbe unaleta jumla.

Nikaandika ubaoni. Namba nilizitunga ili zigawanyike vizuri, na makato yote nikayaweka kando:

Baba: kilo 240 za daraja la kwanza, kilo 60 za daraja la pili. Zimeingia shilingi 576,000.
Baba mdogo: kilo 240 za daraja la kwanza, kilo 110 za daraja la pili. Zimeingia shilingi 656,000.

Chama kimoja, mnada mmoja, bei moja. Daraja la pili lilinunuliwa shilingi ngapi kwa kilo?

Hakuchukua penseli. "Elfu na mia sita."

"Umejuaje?"

"Si daraja la kwanza wamelingana? Baba mdogo kazidi kilo hamsini za daraja la pili, na hela kazidi elfu themanini. Basi hiyo elfu themanini ni ya hizo hamsini."

Na daraja la kwanza? Kwenye hela ya baba akaondoa 60 mara 1,600, yaani 96,000, zikabaki 480,000 za kilo 240. Shilingi 2,000. Yote kichwani, wakati kaka mmoja wa kidato cha tatu pembeni bado anatafuta kalamu.

Nikamwandikia alichokisema, kwa herufi:

240x + 110y = 656,000
240x + 60y = 576,000
50y = 80,000

"Haya. Nimetoa huu kwenye huu. Kinachobaki ni cha nani?"

Akakaa kimya kidogo. "Ni cha zile kilo hamsini alizozidi baba mdogo."

Hakuna aliyekufa. Kilo 240 za baba mdogo na kilo 240 za baba zina thamani moja, kwa hiyo hazina mchango kwenye tofauti yao. Kinachobaki ni tofauti ya watu wawili, na tofauti hiyo nayo ni mlinganyo wa kweli.

Hapo nilipaswa kusimama na neno moja zaidi, na nasimama nalo hapa kwa sababu ndipo wengi wanapoteleza. Kabla sijaandika x na y, binti alitaka tuandike k. "K ya korosho," alisema. Walimu wa aljebra tumewafundisha hivyo wenyewe tangu siku ya kwanza: embe mbili jumlisha embe tatu ni embe tano, basi 2e + 3e = 5e. Inapendeza, na kwa somo la siku ile inatosha. Baadaye inauma. Maana hapa 240x haisomwi "kilo 240 za korosho". Inasomwa 240 mara bei ya kilo moja. Herufi ni namba, namba ambayo hatujaijua bado. Korosho hazizidishwi na 240 zikatoa shilingi. Bei ndiyo inayozidishwa. Nikamtaka aandike juu ya kila kazi, kwa maneno kamili: x ni bei ya kilo moja ya daraja la kwanza, kwa shilingi. Alilalamika kwamba anapoteza muda. Nikamwambia aupoteze.

Alama tuliirudia siku iliyofuata, na kwa kweli ndiyo siku niliyoifurahia zaidi. Nilimleta mtu wa tatu ubaoni. Huyu naye ana kilo 240 za daraja la kwanza, lakini za daraja la pili hana hata moja. Tena anadaiwa: msimu uliopita alikopa kwa jirani kilo 40 za daraja la pili, na wamekubaliana alipe thamani yake kwa bei ya mnada huuhuu. Baada ya kulipa amebaki na 416,000. Nikaweka chini ya baba:

240x + 60y = 576,000
240x − 40y = 416,000

"Baba kamzidi huyu kilo ngapi za daraja la pili?"

Yule kaka wa kidato cha tatu akawahi: "Ishirini!" Sitini toa arobaini. Kosa lilelile la 2y = 12, safari hii kwa sauti ya mwanaume.

Binti akamgeukia. "Ishirini vipi? Huyu ana deni. Ili amfikie baba, kwanza alipe arobaini, abaki hana kitu, ndiyo aanze kutafuta sitini. Mia."

Kilo mia, shilingi 160,000, bei 1,600. Ileile. Na kule kwenye 3 − (−1) nilikomlisha mazoezi ishirini, hakuwahi kukuona hivi. Alikuwa anakumbuka kanuni ya hasi mbili kuwa chanya, kanuni isiyo na mtu ndani yake. Hapa kuna mtu anayedaiwa.

Nikamrudisha kwenye swali la jaribio bila kusema lolote. Akaliangalia 2x − y, akanong'ona, "Huyu anadaiwa y moja," akaandika 4y = 12. Kisha akaenda mwenyewe kwenye ukurasa wenye tundu. x + y = 7, x − y = 1. Akatoa: 2y = 6, y ni 3. Kisha akasita, akauliza kama anaruhusiwa kujumlisha badala ya kutoa.

"Kwa nini unataka kujumlisha?"

"Maana huyu ana y, na huyu anadaiwa y. Wakichanga pamoja, deni linalipika."

2x = 8. x ni 4. Sijawahi kusoma mahali maelezo mazuri kuliko hayo ya kwa nini herufi zenye alama tofauti tunajumlisha na zenye alama moja tunatoa. Miaka yote nilikuwa nawakaririsha: alama zikifanana toa, zikitofautiana jumlisha. Wanakariri, na kwenye mtihani wanageuza.

Kulinganisha namba zilizo mbele ya herufi hakukuchukua muda. Nilimpa jirani mwenye kilo 120 na kilo 100, aliyepata 400,000, nikamweka na baba. "Hawa hawalingani hata daraja moja," akasema, akafikiri, kisha: "Tuseme jirani angeuza mara mbili." Kilo 240 na 200, hela 800,000. Toa baba, zinabaki kilo 140 kwa 224,000. Zaidi ya hapo mbinu yenyewe ni uvumilivu tu.

Kupachika, ile njia nyingine ya kuipata y kwa x na kuiweka kwenye mlinganyo wa pili, kulimsumbua kwa jambo la kawaida: mabano. Kutoka 2x − y = 1 alipata vizuri y = 2x − 1, halafu akaandika 2x + 3·2x − 1 = 13, tatu ikaizidisha 2x na kuiacha 1 peke yake. Hilo lilikuwa kweli kosa la mazoezi. Maswali kumi na tano, siku mbili, likapona. Nalitaja kwa sababu sitaki msomaji aondoke akidhani mazoezi hayana kazi. Yana kazi kwa ugonjwa wake.

Lililobaki lilikuwa ile tiki. Kwa nini alihakiki mlinganyo mmoja na kuridhika? Nilipomuuliza neno saimaltenia maana yake nini, alisema ni jina la mada. Alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaingia sekondari masomo yakageuka Kiingereza, na neno lile akalibeba kama mtu anavyobeba kifurushi asichokifungua. Kiswahili chake kilikuwa na jibu: sawia ni kwa wakati uleule, papo kwa papo. Namba moja ya x, namba moja ya y, zikubalike juu na chini kwa wakati mmoja. Kwake x ya juu na x ya chini zilikuwa majirani wenye jina moja. Kwenye korosho hakulihitaji somo hilo, maana mnada ulikuwa mmoja. Ukimwambia bei ni 2,000 na 1,600, anamuuliza baba, na anamuuliza baba mdogo. Mmoja akikataa, bei siyo hiyo.

Kwa hiyo nikamtegea. Mkulima mwingine wa chama hichohicho: kilo 480 na kilo 120, kapata 1,152,000. Mweke na baba, tafuta bei. Akamzidisha baba mara mbili, akatoa, akabaki na sifuri ni sawa na sifuri. Zamani angefuta mpaka karatasi itoboke. Safari hii akasema, "Huyu hajasema jipya. Ni baba mara mbili." Ndivyo. Milinganyo miwili iliyo kitu kimoja haitoi bei. Ukiichora kwenye grafu unapata mstari mmoja tu. Nikabadilisha: kilo zilezile, lakini kapata 1,140,000. Sasa sifuri ni sawa na 12,000. Mistari sambamba, haikutani popote.

"Huyu kaibiwa elfu kumi na mbili," akasema binti.

"Au karani kakosea kuandika," akasema yule kaka.

"Ndiyo hivyo hivyo," akajibu binti, na hapo wote tulicheka.

Wiki ya tatu niliwapa swali la Wachina, lina zaidi ya miaka 1,500: ndege na sungura wamo tunduni, vichwa 35, miguu 94, kila aina wangapi? Alilifanya kwa njia mbili. Kwanza kwa mdomo: sungura wote wasimame kwa miguu miwili kama ndege, miguu chini ni 70, iliyoinuliwa ni 24, kila sungura kainua miwili, basi sungura ni 12 na ndege ni 23. Kisha kwa herufi, na alipozidisha mlinganyo wa vichwa mara mbili na kuutoa kwenye wa miguu akaniangalia: "Ndiyo kuwasimamisha huku." Ndiyo huku. Neno aljebra lenyewe limetoka kwenye neno la Kiarabu al-jabr, la mwanahisabati al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad karne ya 9, na maana yake ni kurudishia kilichovunjika au kupungua. Shina lake ni lilelile la jabari yetu. Niliwaambia hilo kwa sababu nalipenda. Sidhani kama kuna aliyelihitaji.

Jaribio la shule lililofuata alipata 13. Siyo namba ya kupigia vigelegele, lakini shangazi alileta samaki wawili wamefungwa kwenye gazeti. Katika alama saba zilizopotea, moja ilikatwa kwa sababu pembeni ya mstari mmoja aliandika kwa penseli "deni", na msahihishaji hakupenda Kiswahili kwenye karatasi ya hesabu. Tano zilipotea kwenye swali moja, na swali hilo linaonyesha kwamba kisa hiki hakijaisha.

Lilisema, nikilifasiri: mfugaji ana mbuzi na kuku; mbuzi ni mara tatu ya kuku; miguu yote ni 98. Binti aliandika juu, kwa maneno kamili kama nilivyomzoeza, m ni idadi ya mbuzi, k ni idadi ya kuku. Kisha:

4m + 2k = 98
3m = k

Alifuata kwa sentensi: mbuzi, mara tatu, kuku. Mbuzi ni m, mara tatu ni 3, kuku ni k. Akapachika vizuri, mabano sawa, 10m = 98, akapata mbuzi 9.8. Jibu akalipigia mstari na pembeni kaandika "haiwezekani". Muda ukaisha. Nilimpa mkono kwa hilo neno moja. Yule wa Februari angeliwekea tiki.

Lakini kosa lenyewe lilikuwa lilelile la k ya korosho, limerudi kwa mlango wa nyuma. Pamoja na maneno yote aliyoandika juu, alipofika kwenye sentensi aliisoma herufi kama mnyama: mbuzi watatu kwa kuku mmoja, 3m kwa k.

"Mwalimu, mbuzi ndio wengi. Mbona hiyo tatu inakwenda kukaa kwa kuku?"

Nikaokota vijiwe. Vitatu nikaviweka upande wake, ni mbuzi. Kimoja upande wangu, ni kuku. "Alama ya usawa inataka pande zilingane. Ili zilingane, tumzidishe nani?"

Akavitazama. Akasogeza mkono kuelekea vile vitatu, akaurudisha. Akachukua kijiwe changu kimoja, akaokota viwili vingine chini, akaviweka pamoja.

"Mchache," akasema. "Mchache ndiye anazidishwa."

Akafungua daftari kutafuta swali. m = 3k, 4m ni 12k, 14k = 98, kuku 7, mbuzi 21. Akahesabu miguu: 84 na 14, 98. Akahakiki na ile sentensi ya mara tatu. Kisha akarudi juu kulifuta lile 3m = k kwa raba, taratibu, na karatasi haikutoboka.